Pima athi kabla ya friji: ukaguzi wa vifaa vya umeme kwa wenye nyumba na waajiri wa Lamu

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wenye nyumba wa Amu, yaani Lamu, ni la stika. Mgeni amekodi nyumba Shela, ameona birika la umeme halina kile kibandiko chenye tarehe alichozoea kwao, akauliza. Au mwenye nyumba anaishi Ulaya na kampuni yake ya bima imemletea fomu. Msimamizi anapiga simu: "Fundi, hizo stika zapatikana wapi?"

Zapatikana, hata kwa mchapishaji wa kadi za harusi. Lakini stika ni desturi ya Uingereza, ambako kupima vifaa vya kubebeka hujulikana kwa herufi PAT, chini ya kanuni zao za umeme kazini za 1989. Na hata kule kanuni hizo hazitaji stika wala hazisemi kila mwaka. Zinasema kifaa kitunzwe kisimdhuru mtu. England ina kanuni za 2020 zinazomtaka mwenye nyumba ya kupangisha akaguliwe waya za nyumba angalau kila miaka 5, na Scotland inamtaka apimishe pia vifaa alivyoviweka mwenyewe. Kenya haina sheria ya stika. Ina sheria za wajibu, na wengi hawajui kwamba zinawahusu.

Sheria inakutaka nini

Ukiwa mwajiri, yako ni Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Inagusa mahali popote mtu anapofanya kazi, kwa kudumu au kwa muda. Gesti yenye mpishi mmoja na mtu wa usafi imo. Karakana ya nakshi yenye randa ya umeme imo. Saluni ya chumba kimoja yenye msusi wa kuajiriwa imo. Mwenye mahali anatakiwa kuhakikisha mitambo na vifaa havina hatari, wafanyakazi wameelekezwa namna ya kuvitumia, na mahali pote pamekaguliwa na mkaguzi aliyeidhinishwa angalau mara moja kila miezi 12. Wanaosimamia haya ni Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini, DOSHS. Ukiwa na wafanyakazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama. Mfanyakazi naye ana wajibu wa kukuarifu akiona hatari, na huruhusiwi kumfukuza wala kumtesa kwa sababu amelalamika. Tena ipo Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya 2007 pia, inayokutaka uwe na bima ya wafanyakazi.

Ukiwa mwenye nyumba ya kupangisha, Sheria ya Ardhi ya 2012 inahesabu kwamba umeahidi nyumba inafaa kukaliwa siku mpangaji anapoingia, na itabaki hivyo muda wote wa mkataba, hata kama mkataba wenyewe mliandikiana nyuma ya risiti. Soketi inayorusha haiingii katika "kufaa kukaliwa". Ngazi, ua na choo cha pamoja vilivyo mikononi mwako vina sheria yake, Sura ya 34 ya Sheria za Kenya, inayomdai mwenye mahali awaangalie wanaoingia wasidhurike.

Kazi ya waya yenyewe iko chini ya Sheria ya Nishati ya 2019, na leseni za mafundi hutolewa na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, kwa madaraja. Usione haya kumwambia fundi, "Nionyeshe leseni yako." Mwenye leseni haoni vibaya. Anayekasirika ndiye wa kumtilia shaka.

Hatua ya kwanza: jua kilicho chako

Chukua daftari upite chumba kwa chumba. Andika kila kifaa chenye plagi, na kila kifaa kilichofungwa ukutani: shawa, pampu, feni ya dari. Kipe namba na uiandike juu yake kwa kalamu ya wino usiofutika. Karatasi ya gundi haidumu hapa. Unyevu huing'oa kabla ya Ramadhani kuja tena.

Kisha gawa. Friji uliyoiweka wewe ni yako kuitunza. Friji aliyokuja nayo mpangaji ni yake, lakini soketi anayoichomeka ni yako siku zote. Hilo liandikwe kwenye mkataba, mstari mmoja tu: vifaa vya mwenye nyumba ni hivi, vya mpangaji ni vile, na mpangaji atamwarifu mwenye nyumba siku hiyo hiyo akiona kasoro. Mwajiri hana mgawanyo huo. Msusi akija na draya yake mwenyewe, saluni ni yako, na kinachochomekwa humo ni jukumu lako kukiangalia.

Hatua ya pili: anzia ukutani

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaoingia na mashine ya kupimia na kwenda moja kwa moja kwenye birika. Kifaa chenye bati au chuma (friji, pasi, mashine ya kufulia, jiko) kinalindwa na waya wa ardhi, tunaouita athi. Umeme ukigusa bodi ya kifaa, athi iupeleke ardhini kwa nguvu kiasi cha kukata breka. Ikiwa athi ya nyumba ni mbovu, friji nzima na mbovu zote ni sawa tu. Siku waya wa ndani ukichubuka, bodi itakuwa na umeme na hakuna kitakachokatika.

Fanya hesabu. Nyumba nyingi zinategemea nondo yao wenyewe iliyopigwa chini. Tuseme nondo hiyo ina ukinzani (kiasi inavyouzuia umeme kupita) wa ohm 100. Volti 240 ukigawa kwa 100 unapata ampea 2.4. Fyuzi ya plagi ni ampea 13, breka ya soketi ni 32. Ampea 2.4 haivunji hata moja kati ya hizo. Friji itaendelea kubaridi na mlango wake una umeme, mpaka aje mtoto miguu mitupu juu ya sakafu iliyopigwa deki.

Na Lamu ina njia zake za kuharibu athi. Mchanga wa vilima vya Shela ukiwa mkavu haupitishi umeme vizuri. Nondo fupi iliyopigwa humo ni kama haipo. Mjini, penye mawe ya matumbawe, fundi hupiga nondo mpaka ikatae, kisha huikata juu ili isionekane kwamba haikuzama. Na chumvi ya hewani hula kibano kinachoshika waya kwenye nondo. Nenda ukaone kibano chako leo. Kikiwa na unga wa kijani na ukikigusa kinacheza, nyumba yako haina athi, hata kama fundi aliyeiweka alikuwa hodari.

Kwa hiyo mwite fundi mwenye leseni, na mwambie unataka vipimo vya namba, siyo "iko sawa." Namba tatu:

1. Ukinzani wa nondo kwa ohm. Ndogo ndiyo nzuri. Ikizidi ohm 200 nondo huhesabiwa kuwa haiaminiki, kwani hubadilika na ukavu. Dawa ni kuongeza nondo au kuipeleka penye unyevu wa kudumu.
2. Athi katika kila soketi, kwa mashine. Kile kijiplagi chenye taa tatu kinakuambia athi ipo au haipo, na kama waya zimegeuzwa. Hakikuambii kama athi ni dhaifu. Taa zitawaka vizuri tu kwenye ohm 100 zile zile tulizozihesabu.
3. Muda wa swichi ya RCD kukata. Hii ndiyo inayookoa penye athi dhaifu: inahisi umeme unaotoroka na kukata ukifika miliampea 30. Kwa kiwango hicho inatakiwa ikate ndani ya milisekunde 300, na umeme ukizidi mara tano ikate ndani ya 40.

Kama nyumba haina RCD, acha habari ya vifaa, kaiweke kwanza. Kama ipo, ina kitufe chenye herufi T. Kibonyeze kila mwezi. Isipokata, ibadilishwe. Na ikikata, ujue umejaribu swichi yenyewe tu. Kitufe hakipimi athi.

Penye jenereta, fundi apime pia jenereta ikiwa inafanya kazi. Zipo jenereta nyingi ambazo waya wake wa nyutro (wa kurudisha umeme) haukuunganishwa na ardhi, na hapo RCD hukaa kimya hata umeme ukivuja. Umeme wa laini unapokatika ndipo wageni wanapokuwa gizani na miguu mitupu, na ndipo kinga inapokuwa haipo.

Nyumba ya mawe ya Mji wa Kale ina jambo jingine dogo. Mji uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na kuchimba kuta kupitisha waya mpya si jambo la fundi na tindo yake kuamua. Omba ruhusa kwanza, au pitisha kwenye mabomba ya plastiki juu ya ukuta. Nami napendelea mabomba: waya unaouona ndio waya unaoukagua.

Hatua ya tatu: macho na bisibisi

Kasoro nyingi za vifaa huonekana bila mashine yoyote, na kazi hii mtu wa kawaida anaifundishwa kwa asubuhi moja. Chomoa kifaa kwanza.

Anza na waya. Upitishe mkononi polepole kutoka plagi mpaka kwenye kifaa. Tafuta mchubuko, alama za meno ya panya, gundi nyeusi iliyozungushwa kuficha kiungo, sehemu iliyoyeyuka kwa kugusa pasi. Pale waya unapoingia kwenye kifaa, uvute kidogo: ukichomoka, kifaa kimeshindwa.

Kisha plagi. Ndipo ninapotumia muda mwingi. Itazame miguu mitatu. Ile miwili ya chini ina kanda nyeusi ya plastiki karibu na mwili wa plagi, ili kidole kisiguse shaba plagi ikiwa nusu nje. Mguu mrefu wa juu, wa athi, hautakiwi kuwa na kanda hiyo. Ukiuona mguu wa athi umevishwa plastiki, plagi ni bandia, kata utupe. Bandia nyingine hazina hata mahali pa fyuzi.

Ifungue. Hudhurungi iende kwenye fyuzi, buluu upande wa pili, kijani na manjano juu kwenye athi. Vifaa vikuukuu vina nyekundu, nyeusi na kijani. Skrubu ziwe zimebana. Kile kidaraja cha chini kishike ganda la nje la waya, siyo nyuzi za rangi. Kama rangi zinaonekana nje ya plagi, siku mtu akivuta waya, athi ndiyo itakayochomoka au mkono wa mtu ndio utakaogusa. Hapa Amu utaona pia kutu ya kijani kwenye skrubu na alama ya kahawia pembeni ya fyuzi. Kijani hukwanguliwa na kubanwa upya. Kahawia maana yake plagi imekuwa ikipata moto: badilisha plagi, na uikague soketi ilimokuwa ikikaa, kwa sababu mara nyingi chanzo ni soketi iliyolegea.

Fyuzi yenyewe. Kifaa kisichozidi wati 700 (feni, taa ya meza, redio) fyuzi ampea 3. Kuzidi hapo, ampea 13. Karibu plagi zote zinauzwa na 13 ndani, kwa hiyo feni zako zote zina fyuzi kubwa kuliko waya wake. Kuzibadilisha ni kazi ya dakika mbili kila moja. Na ukikuta msumari au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi, usiulize ni nani. Ondoa kifaa kazini saa hiyo hiyo.

Mwisho bodi: ufa, kutu iliyotoboa chini ya friji, swichi inayozama ndani, harufu ya kuungua. Muulize anayekitumia. Mpangaji mmoja alimwandikia mwenye nyumba, "Ami, friji yanishika mkono nikiwa sina ndara." Hilo ni zaidi ya kipimo chochote. Friji inayoshika mkono haisubiri Jumatatu.

Vifaa vya wageni na vya wenye nyumba wa ng'ambo

Shela imejaa pasi, mashine za kahawa na draya zilizobebwa kutoka Ulaya, zenye plagi ya miguu miwili mviringo. Watu wanachukua kalamu, wanasukuma tundu la juu la soketi mpaka vizuizi vifunguke, wanaingiza. Inawaka, basi. Lakini plagi ile ya Ulaya hupata athi kwa vibamba vya pembeni, na soketi yetu haina kitu pembeni. Pasi ya chuma inafanya kazi bila athi hata kidogo. Adapta nyingi za bei rahisi zina kasoro hiyo hiyo. Kata plagi, funga ya miguu mitatu yenye fyuzi. Vifaa vya Marekani vya volti 120 visichomekwe kabisa.

Ukinunua kipya, tafuta alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Yenye namba ya kibali unaweza kuihakiki kwa ujumbe mfupi: andika SM# na namba hiyo, tuma kwenda 20023.

Shawa ya umeme na maji yetu

Shawa ya kupasha maji papo hapo ndiyo kifaa ninachokiogopa kuliko vyote, na iko kila mahali. Mtu yuko uchi, amelowa, miguu chini, mkono kwenye bomba.

Shawa ya wati 5,500 inakula karibu ampea 23. Haitakiwi kuungwa kwenye waya wa soketi. Iwe na waya wake kutoka ubaoni, mimi nataka milimita mraba 6, breka yake, RCD, na swichi ya kukata waya zote mbili iliyo mbali na maji. Ukigusa swichi hiyo baada ya mtu kuoga na ikawa ya moto, waya ni mwembamba au skrubu imelegea.

Halafu maji. Vilima vya Shela hushika maji matamu, lakini visima vingi vina maji ya chumvi. Shawa nyingi zina koili tupu inayokaa ndani ya maji, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko matamu. Umeme unatoroka kwenye koili, unapita majini, unaelekea athi. RCD inakata. Mgeni analalamika. Anaitwa fundi, naye anachofanya ni kuiruka RCD: anaunga shawa moja kwa moja. Maji yanapata moto, kila mtu anafurahi, na sasa kinga pekee imeondolewa kwenye kifaa kibaya kuliko vyote nyumbani. Nimekuta hivyo katika nyumba za kifahari kama nilivyokuta katika vyumba vya kupanga.

RCD inapokata kwa sababu ya shawa, inakuambia ukweli. Dawa ni mbili. Nunua shawa iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi, ambayo koili yake imevikwa. Ulizia hivyo hivyo dukani, wanazo. Au achana na shawa ya umeme, weka tangi la jua juu ya paa. Kwa jua la Lamu, na kwa bei ya tokeni, mimi ningeshauri la pili kwa nyumba yoyote yenye wageni. Wakati wa kukagua shawa iliyopo, hakikisha waya wake wa kijani umefungwa kwenye athi kweli. Mara nyingi utaukuta umekunjwa na kusukumwa nyuma ya tundu la ukuta.

Pampu ya kisima inafuata kanuni hiyo hiyo: RCD yake, athi yake, na asiguse mtu maji wala bomba wakati inafanya kazi ikiwa haijapimwa.

Ekstensheni

Plagi moja ya ekstensheni hubeba ampea 13, yaani wati 3,120, hata kama ina matundu sita. Birika la wati 2,200 na pasi ya 2,000 pamoja ni 4,200. Jikoni na kwa dobi ongeza soketi za ukutani. Ekstensheni ya kigurudumu ifunguliwe yote kabla ya kubebeshwa mzigo, maana ikiwa imeviringwa hupata moto katikati usikoona. Isipitishwe chini ya mkeka. Na darini penye makuti isiwepo kabisa, wala taa zinazopata moto. Makuti yakishika, vichochoro vyetu haviingizi gari la zimamoto. Weka kizima moto cha unga mkavu au cha gesi ya kaboni, na waonyeshe wafanyakazi namna ya kukitumia. Maji hayamwagwi kwenye umeme.

Hatua ya nne: kupima kwa mashine

Sasa ndiyo zamu ya mashine, na ni fundi mwenye ujuzi anayeitumia. Wewe unahitaji kuzielewa namba atakazokuandikia.

Kifaa chenye athi: ukinzani kutoka mguu wa athi wa plagi mpaka kwenye chuma cha kifaa usizidi ohm 0.1, ukiongeza kidogo kwa urefu wa waya wake. Friji yenye kutu hushindwa hapa mara nyingi, kwa sababu skrubu ya athi imeoza. Halafu ugumu wa kihami (ganda linalozuia umeme usitoke kwenye waya) kwa volti 500: kifaa chenye athi kipate angalau megaohm 1. Kifaa chenye alama ya mraba ndani ya mraba hakina athi kwa kuundwa kwake, kwa hiyo kipimo cha kwanza hakikihusu. Cha pili kipate megaohm 2. Vifaa vyenye elektroniki nyingi, kama televisheni na kompyuta, fundi achague kipimo cha kuvuja kwa umeme badala ya volti 500, asije akaviua. Akikupa orodha ambayo kila kifaa kina namba ile ile, ujue hakupima.

Lini? Wengi huita fundi Desemba, kabla ya wageni wa kaskazi. Mimi nasema Mei. Masika imelowesha kuta, kusi imeleta unyevu, na kihami kilichochoka hujionyesha wakati huo. Kipimo cha Januari huwa kizuri kwa sababu kila kitu ni kikavu. Na Mei vyumba vingi viko tupu, hakuna wa kumsumbua.

Kuhusu marudio, tumia akili ya matumizi. Vinavyoshikwa mkononi na vinavyokaa na maji au joto (pasi, birika, draya, blenda, randa) mimi huvitazama kwa macho kila baada ya miezi mitatu na kuvipima kila mwaka. Friji na mashine ya kufulia, macho kila miezi sita, kipimo kila mwaka kwa sababu ya chumvi. Ningekuwa Nairobi nisingesema hivyo. Televisheni iliyotundikwa ukutani, macho yanatosha. Vyumba vya kupanga vikaguliwe kila mpangaji anapotoka kabla mwingine hajaingia, mbele yake, naye atie sahihi.

Kilichoshindwa, na daftari

Kifaa kilichoshindwa kisiwekwe kando. Kata plagi. Kikikaa na plagi yake stoo, usiku mlinzi atakikuta na kukipeleka kwake. Ukitaka kitengenezwe, kiandikwe "kibovu," kiende kwa fundi, na kikirudi kipimwe upya kama kifaa kinachoingia mara ya kwanza. Usimpe mfanyakazi kama zawadi.

Daftari lako ndilo litakalokutetea mbele ya mkaguzi au bima. Mstari mmoja kwa kifaa:

Namba 14. Pasi, chumba cha dobi. Tarehe. Macho: waya umechubuka karibu na mpini. Athi 0.08. Kihami zaidi ya 20. Imeshindwa kwa macho. Waya umebadilishwa tarehe fulani, imepimwa upya, imepita. Jina la fundi, namba ya leseni, sahihi.

Ona kwamba pasi hiyo ilipita mashine na ikashindwa kwa macho. Aliye na mashine tu angeibandika stika.

Mtu akipigwa na umeme

Usimshike. Kata mein swichi, au umsukume mbali kwa kitu kikavu cha mbao au plastiki. Akiwa hapumui, mgandamize kifua mara 30 kwa kila pumzi 2, usiache mpaka msaada ufike. Hata akiinuka na kusema "mimi sina neno," mpelekeni hospitali. King Fahd iko mjini, na kwa aliye Shela boti isisubiriwe ijae. Moyo unaweza kuleta shida baadaye.

Ikiwa ni kazini, mwajiri anatakiwa kumwarifu afisa wa DOSHS wa eneo. Kifo kiarifiwe ndani ya saa 24, kisha taarifa ya maandishi ndani ya siku 7. Jeraha lisilo la kifo, taarifa ya maandishi ndani ya siku 7 hizo hizo. Kifaa chenyewe usikitengeneze wala kukitupa. Kichomoe, kifungie chumbani pamoja na plagi yake na fyuzi yake ndani, piga picha ya ubao wa breka kama ulivyokuwa, na umkabidhi ufunguo mtu mmoja tu mpaka afisa afike.